Sauti ya Chini Kwenye Sufuria ya Haluwa

Mpika haluwa wa Matrah, Omani, alirudi kutoka Unguja na redio moja, nayo ikamfunza nyimbo za wanawake wa milima ya Bulgaria. Bila hizo mwiko wake haukwenda. Sauti moja hupanda, ya pili hung'ang'ania chini, mwisho ukelele. Basi kila mteja alikabidhiwa ile ya chini. "Shika hapo hapo, usipande!"

Siku moja jirani yake Kheiria akaja mbio. "Ami, nyamaza! Leo nna wageni wa posa ya binti yangu."

"Haluwa yao ndiyo hii. Nikinyamaza, mkono utasita, iungue."

Kheiria akakaza leso kiunoni, akashika sauti ya chini. Utamu ukamkolea, na ukelele wa mwisho akaupiga yeye, macho kayafumba. Alipoyafumbua, mama wa mposaji kasimama mlangoni, uso kaukunja.

"Na mie," akauliza, "nishike wapi?"