Debe la Tatu

Nilimkuta mdogo wangu barazani kwa bibi wa Kizungu, alasiri, amesimama ndani ya alama ya kutu iliyoachwa na debe. Miguu kaibana pamoja, macho wazi, hapepesi. Nikamwita, hakugeuka. Nikamshika mkono, wa baridi, na jua la Raskazone lilikuwa linachoma sakafu mpaka mimi nasimama kwa vidole. Nikamvuta. Wallahi sikuweza kumng'oa. Yeye mtoto wa miaka miwili, mimi wa tisa, nimezoea kubeba ndoo.

Siku ya nne tulimzika.

Sasa nieleze lilikoanzia. Baba alikuwa mtunza bustani wa bibi huyo, miaka michache kabla ya uhuru, nasi tulikaa chumba cha uani. Bibi alipenda michungwa midogo ya urembo, isiyopita kiuno cha mtu, yenye vichungwa kama gololi, vikali kuliko ndimu. Baba aliiotesha saba katika madebe ya mafuta ya taa yaliyokatwa nusu, akaipanga barazani. Bibi alipika jamu. Mama aliokota vilivyodondoka akavikamulia samaki, na maganda akatuoshea nywele.

Mti wa namna ile haubaki mdogo wenyewe. Kila mwaka baba aliung'oa, akapunguza mizizi kwa kisu, akaurudisha na udongo mpya. Ni kazi ya polepole, na mizizi hufunikwa gunia bichi isipigwe na jua.

Mdogo wangu alizaliwa pale uani. Kwetu kitovu cha mtoto kikidondoka hufukiwa chini ya mnazi, na mnazi huo unakuwa wake. Baba hakuwa na mnazi, wala ardhi ya upana wa mkeka. Akakifukia katika debe la tatu. Katika wenye makosa namtaja baba kwanza, Mungu amrehemu: alifukia chetu katika mali ya mtu.

Mpishi wa bibi alikuwepo. Alikuwa rafiki wa baba, na wali wa arobaini ya mtoto alikula. Akacheka, akasema, "Mwenzenu kapata shamba, debe zima. Mtaona mwakani anatafuta vibarua."

Tangu hapo baba hakugusa mizizi ya mti ule. Ukawapita wenzake kwa shibiri mbili. Mtoto akipata homa, majani yanajikunja. Akipona, yanakunjuka. Mama akiamka asubuhi huchungulia mti kwanza, ndipo amguse mtoto paji la uso. Na kichwa cha mdogo wangu kilinukia maua ya mchungwa hata miezi ambayo mti hauna ua. Tulizoea.

Kisha shangazi wa baba akafa, huko kijijini Moa. Baba akaenda kuzika, na kabla hajaondoka akamwambia mpishi mbele yetu, "Wa tatu usiuguse. Bibi akiuliza, mwambie unaumwa, nitautazama nikirudi."

"Nimesikia, bwana. Nenda kazike."

Kesho yake bibi alikuwa na wageni wa chai. Akaona safu ya miti yake imeharibika, mmoja mrefu. Namtaja na yeye, ingawa hakujua. Miaka yote ile tuko uani kwake, hakuuliza neno. Akaamuru mti ukatwe mizizi, uhamishiwe chungu kipya upande wa pili. Mpishi, aliyemdanganya bibi habari ya sukari kila wiki, siku ile akaona uongo ni dhambi. Akaung'oa saa sita ya mchana, mizizi wazi juani, akaikata kwa kisu cha nyama. Udongo akautia kwenye karai, akaenda kuumwaga.

Mtoto alikuwa mapajani kwa mama, anakula uji. Akatema, akasema, "Miguu." Hakusema neno jingine tena mpaka kufa kwake. Alasiri akamponyoka mama, ndipo nikamkuta pale barazani.

Mama alimfuata mpishi jikoni. "Shemeji, udongo uko wapi?"

"Udongo upi, shemeji? Nchi nzima udongo."

"Nakuuliza ule."

"Nimemwaga huko. Bibi ana wageni, niache nikate mikate."

Tulichakura jalala, tukachakura mtaro, mimi na mama, mpaka kucha zikatoka damu. Mti ulipukutisha majani yangali mabichi. Baba alirudi kutoka matanga ya Moa akakuta matanga yetu.

Daktari alisema malaria. Sibishi, mimi shule niliishia darasa la pili. Lakini malaria haimchagulii mtu mahali pa kusimama.

Bibi alirudi kwao. Baba amekufa, na mama amekufa akiulizia udongo. Mpishi yu hai, mtaa wa Nguvumali, anakaa kibarazani na vijana wanampa shikamoo. Yangu hana. Mwaka jana nilimwendea, akaniambia, "Mwanangu, hayo ya zamani."

Wewe mzee, unajua nakusema wewe. Karai ulilibeba kwa mikono yako, na njia uliipita kwa miguu yako. Nionyeshe ulipomwaga, hata kama pamejengwa nyumba ya mtu. Jibu, ungali na kauli.