Visu vya Mzee Tadei

Baba yangu, mzee Tadei, seremala wa hapa Sumbawanga, hukusanya visu vya zamani vya kukunja, na ukimwuliza vya nini atakujibu kwamba huo ndio ugonjwa wake. Watu wa Laela na Kaengesa wakikuta kisu kuukuu cha mjomba aliyewahi kufanya kazi kwenye migodi ya shaba kule Zambia, humletea. Hapo ndipo utachoka masikio. Baba hajui kutazama kisu kimyakimya. Hukisoma kwa sauti kama padri na Injili: chapa iliyo kwenye shina la bapa, misumari ya mpini, springi, mpaka mkono uliokuwa ukikinoa.

"Hiki Mwingereza. Hiki mwongo, chapa imegongwa juzi."

Wageni hucheka. Mimi sicheki, maana najua anachotafuta. Mdogo wangu Adriano alikwenda kuvua Kirando, kwenye Ziwa Tanganyika, na kisu cha babu mfukoni. Dhoruba ikapindua mtumbwi wao. Wenzake walipatikana, yeye hakuonekana, si mzima si maiti. Baba akasema amevukia Kongo, akapiga marufuku matanga: hakuna atakayelia nyumbani kwake mpaka aone ushahidi kwa macho yake. Tangu hapo mama yetu, Zita, anaishi na kilio kifuani. Zipo siku namchukia baba kwa hilo.

Jumamosi iliyopita alikuja Luciana, mama anayetuletea dagaa kutoka Kirando.

"Shikamoo baba. Wavuvi wamevuta koti bovu kwenye wavu, hiki kilikuwa mfukoni. Nikasema nikuletee, unavipenda."

Baba alikigeuza mara moja, akakiweka mezani.

"Siyo chenyewe," akasema.

Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Mama, aliyekuwa akichambua maharage, aliweka ungo chini.

"Basi kisome, Baba Adriano. Si huwa unavisoma vyote?"

Akakichukua tena. Nilimwonea huruma, kwa sababu asingeweza kukataa. Kusoma visu ndiyo kazi aliyojipa.

"Mjerumani," alianza. "Chapa imelika. Misumari ya shaba. Mpini upande huu ni pembe, wa tangu mwanzo. Upande huu mninga, si wa kiwandani, umepigwa msasa vizuri, nili..."

Ufundi ulikuwa umemponyoka mdomoni.

"Malizia," mama akasema.

"Niliuweka mimi. Alipokuwa anajiandaa kuondoka."

Mama akajibwaga sakafuni, akalia. Alilia kwa Kifipa, akimwita Adriano kwa jina alilomwita alipokuwa bado ananyonya, jina ambalo mimi nilikuwa nimelisahau kabisa. Majirani wakasikia, wakaanza kuingia uani, wengine wamebeba mikeka. Baba alikwenda kusimama mlangoni. Nilidhani anawafukuza, nikajiandaa kugombana naye.

Alimshika mkono jirani wa kwanza aliyefika.

"Karibuni," akasema. "Tumefiwa."