Tulipofika pa Kusamehe

Jirani anakaanga ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, kwa mawese. Harufu inaingia dirishani, na hasira inanipanda kama zamani.

Kwetu Kanyosha, Bujumbura, wakati wa vita, watu wenye bunduki walimuua baba akirudi kutoka shamba la mihogo. Wiki hiyohiyo mama alibandika ndagala motoni, akafungua Biblia, akatusomea zaburi huku akikoroga, kama asubuhi zote. Kisha tukaanza Sala ya Bwana. Tulipofika pa kusamehe, nikafunga mdomo.

“Endelea,” mama alisema.

“Mi apana! Walimuua papa, na Mungu alikuwa anaangalia tu!”

Dada yangu alinitazama kama vile nimetukana. Nilingojea kofi. Mama aliweka mwiko chini.

“Basi umuambie yeye mwenyewe. Usimudanganye Mungu.”

Nikasimama kwenye ule moshi, nikamfokea Mungu mpaka sauti ikanikauka. Nilimuuliza alikuwa wapi. Ilikuwa sala yangu ya kwanza ambayo sikufundishwa na mtu.

Nilipomaliza, mama, ngumi amezikunja, aliitikia kwa sauti kubwa kuliko yangu: “Amina!”