Sanduku Lililokwenda Madunguni

Ilikuwa mwaka tisini na mbili. Hapana, nimekosea, ni tisini na tatu; maana tisini na mbili nilikuwa bado nabeba chumvi kupeleka Mloka, na mitumba nilianza kuiuza mwaka uliofuata, biashara ilipofunguliwa na kila mwenye robota la nguo akaonekana tajiri. Mimi nilikuwa na robota moja na mtumbwi wa kuazima. Nikaizunguka delta na suruali zangu, kitongoji hadi kitongoji, na huko ndiko nilikomjua Mwalimu Mwanasiti.

Alikuwa akifundisha shule moja upande wa Maparoni. Mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Alisoma mpaka darasa la saba, akafundishwa ualimu palepale kijijini enzi zile watoto walipokuwa wengi kuliko walimu. Wenzake waliotoka chuoni walimwita mwalimu wa dharura, naye akicheka pamoja nao.

Mwaka huo shule ililetewa sanduku la sayansi. Lilitoka kwa watu wa nchi za nje wenye nyumba kubwa ya maonyesho, ambamo watoto na wazazi huingia wakashika kila kilichomo. Ndani mlikuwa na sumaku, lenzi, balbu na nyaya, na magurudumu sita ya kupitishia kamba. Mlikuwa na kijitabu pia, cha Kiingereza. Mwanasiti alikaa nacho siku nne na kamusi isiyo na jalada, akafika penye maneno haya akayapigia mstari: mwalimu na mzazi, waacheni watoto washike, na nyinyi shikeni.

Mwalimu mkuu, Bwana Bashiru, akaliweka sanduku kabatini, akatia kufuli, akabandika karatasi: USIGUSE. Hakuwa mtu mbaya. Shule nyingi nilizopita zilikuwa hivyo. Kitu kizuri kikija kinafungiwa, mkaguzi akija kinatolewa kikafutwa vumbi, akiondoka kinarudishwa.

"Mkuu, naliomba sanduku kesho," Mwanasiti alimwambia.

"La nini?"

"Somo la sayansi."

"Chora ubaoni."

"Nichore sumaku ubaoni? Itavuta chaki?"

"Mwalimu, kikipotea kitu humo nitaulizwa mimi. Wewe utakuwa kwenu unakula kaa."

Aliomba mara tatu, akanyimwa mara tatu. Kisha mpunga ukaanza kutunga, ndege wakashuka, na watu wakahamia mashambani kama kila mwaka, wakaishi kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, wazazi na watoto, kutwa kupiga makopo na kupayuka. Darasa la Mwanasiti likabaki na watoto saba.

Basi siku moja mchana nimekaa kwenye mtumbwi wangu, namwona anakuja, sanduku kichwani.

"Kaka Mrisho, shusha suruali zako tupakie sayansi."

"Umepewa ufunguo?"

"Ufunguo wa nini? Nimefungua skrubu za bawaba kwa kisu, nikatoa mlango kwa upande wa pili, nikauegesha pale pale. Kufuli la mkuu liko vilevile, salama."

"Mwalimu, hii si mali ya serikali?"

"Na hawa wanaopigana na ndege, wao ni wa nani? Piga kasia."

Tulifika kwanza kwa Mzee Mussa na mkewe, Bi Muzdalifa. Binti yao Ashura alikuwa amesimama peke yake ng'ambo ya kona ya shamba, sauti imemkauka.

"Kama umemfuata mtoto, rudi," Mzee Mussa alisema kabla hata hatujapanda ngazi. "Nikimtoa pale, ndege wanamaliza. Na daftari haliliwi."

"Sikumfuata mtoto. Nimewafuata nyinyi."

Akamwaga vitu vyote juu ya mkeka. Bi Muzdalifa akachukua lenzi, akatazama punje ya mpunga, akatazama ukucha wake, kisha akaipeleka kwenye kisigino cha mumewe.

"Yarabi! Kumbe miaka yote nalala na mamba?"

Tulicheka mpaka dungu likatikisika. Mzee Mussa akajitia hasikii, akaokota gurudumu.

"Hiki si kapi? Majahazi yote yana hiki."

"Kinafanya nini?" akauliza Mwanasiti, kama asiyejua.

"Kinageuza kamba. Wewe unavuta huku, yenyewe inakwenda..."

Akaangalia kule kwenye kona. Kamba yake ya makopo, ile ya kuvuta ili makopo yalie yafukuze ndege, ilikuwa inakwenda moja kwa moja tu; ikifika kwenye kona inasuguana na nguzo inakwama, na ndiyo maana Ashura alisimamishwa kule. Alasiri ilipoadhiniwa, magurudumu mawili yalikuwa yamefungwa kwenye nguzo za kona. Bi Muzdalifa akakaa pale pale dunguni, mkono mmoja ungo, mwingine kamba. Akavuta. Makopo yakalia kule mbali, ndege wakainuka wote kwa pamoja.

"Ashura," mama akaita, "kesho shule!"

Majirani wakaja kutazama. Magurudumu ya sandukuni yakaisha, Mzee Mussa akachonga mengine kwa mti wa mkoko. Lenzi ilipata mkwaruzo, balbu moja ikaungua. Na darasa likajaa, katikati ya msimu wa ndege.

Mkaguzi alikuja wakati huohuo, kwa boti. Bwana Bashiru akampeleka kwenye kabati kwa fahari, akazungusha ufunguo, na mlango mzima ukamwangukia miguuni. Ndani hamna kitu.

"Vifaa viko wapi?" mkaguzi aliuliza.

Mwanasiti alisimama mbele ya watoto thelathini na wanane. "Viko madunguni. Viko kazini."

Mkaguzi hakuuliza watoto wale wametoka wapi. Alitoa amri: vifaa virudi, na mwalimu aandike barua ya kuomba radhi. Asipoandika, anahamishiwa Kiongoroni, kule mwisho wa delta kwenye bahari, ambako boti huenda ikipenda.

Vifaa vilirudi, watu wenyewe walivileta, kwa kuwa magurudumu ya mkoko yalikuwa yanafanya kazi vizuri tu. Ilibaki barua. Bwana Bashiru alimbembeleza mbele yangu.

"Andika, dada yangu. Mistari miwili tu, uishi na watu wako."

"Niombe radhi kwa kosa gani?"

"Kwa kushika."

Akachukua kalamu, akaandika mistari yake miwili, nikaisoma kabla haijakunjwa: Nilishika. Nikiliona tena sanduku, nitashika.

Nilimpeleka Kiongoroni mwenyewe. Njia nzima hakulia. Kapi moja la mkoko lilikuwa kwenye kikapu chake, na tulipofika alikwishaanza kuuliza wenyeji wanavutaje mitumbwi yao matopeni.

Miaka mingi baadaye nilipita tena ile shule. Kabati lipo, kufuli jipya, karatasi imegeuka rangi ya chai. Ndege walikuwa wameshuka, na mle madarasani watoto walikuwa wachache. Nikamuuliza Bwana Bashiru, akaanza habari za mvua. Nikamuuliza mkuu mpya aliyempokea kazi, akatazama saa. Hata yule mkaguzi nilimkuta Kibiti, amestaafu, anakunywa kahawa, nikamuuliza kwa upole, naye akamwita muuza kashata. Swali langu lilikuwa hili tu: lile sanduku, mlikuwa mnamtunzia nani?