Ubavu Mmoja wa Kabati

Fundi seremala wa makumbusho huongea skrubu zikiwa mdomoni, ndiyo maana maneno yake hutoka machache. Mbao mpya hataki hata kuzisikia. Maonyesho yakiisha, huyabomoa taratibu kama anayemvua viatu mtoto aliyelala, na kwa mbao zilezile hujenga mengine. Mgongo wa kabati la ngoma bado una picha ya bahari na samaki ya maonyesho ya mwaka jana. Makusudi haupaki rangi, na wageni huwazungusha nyuma wajionee. "Kumbe!" husema wageni, kisha huanza kuchungulia migongo ya makabati yote.

Leo kabati la vinyago liko wazi ubavu mmoja, ufunguzi ni kesho, mkurugenzi kila akipita anakohoa, na ubao hakuna. Mara akaingia mama mmoja aliyewahi kuonyeshwa ile bahari, kajitwisha mlango. "Fundi, nilitaka kuutupa, nikakukumbuka."

Fundi akaupima kwa shubiri. Saizi ileile! Macho yakamng'aa. Lakini mkono wake, ambao haumsikilizi hata mwenyewe, ukateleza hadi kwenye bawaba, ukaitikisa. Bawaba ilikuwa nzima. Zilizokwisha ni skrubu tu. Fundi akaguna, akatema skrubu zake kiganjani, akazifuta kwenye suruali, akampa.

"Mama, huu bado ni mlango. Rudi nao."

Akamsaidia kujitwisha. Mkurugenzi akatoka mbio ofisini. "Fundi! Mbona ubao wetu unaondoka?"

"Unarudi kazini, bosi," akajibu, akainamia rundo la vipande kutafuta viwili vitakavyokubali kuungana.