Mahojiano Katikati ya Kilio

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha mkaa, nilisoma kwenye simu matangazo ya nafasi za utafiti kwa wenye shahada ya uzamivu. Zilikuwapo za nyota, za saratani, za falsafa, hata za hati za watawa wa kale. Ya samaki wa maji baridi, niliowatafiti katika ziwa Tshangalele, ilitokea moja tu, ya miaka miwili, Ulaya. Niliomba. Wakaniita kwa mahojiano ya video, na siku ilipofika baba mkwe wangu alikuwa hajazikwa.

Kwetu Likasi, mji wa migodi, mke wa mtoto wa marehemu haondoki kwenye mkeka wa kilio. Anakaa chini na shangazi za mumewe, bila viatu, mpaka maziko. Nilimwandikia katibu wa chuo kuomba siku nyingine. Akajibu kwa adabu kwamba wajumbe wa jopo hawatakutana tena. Nilimlaani kimoyomoyo, kisha nikamshukuru kwa maandishi.

Umeme ulikuwa umekatika, kama ilivyo desturi yetu sisi majirani wa bwawa la umeme la Mwadingusha. Jenereta ya kukodi ilinguruma uani, ikiendesha spika za kwaya. Nikapiga magoti mbele ya shangazi mkubwa, dada wa marehemu, nikamweleza. Alinitazama mpaka nikainamisha uso.

"Ile kazi ya samaki njo inaomba kilio inyamaze?"

Nikasema ndiyo, ndiyo inayoomba kimya. Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge. Akainuka mwenyewe, akaiambia kwaya ipumzike na jenereta izimwe. Uwanja mzima ukanyamaza.

Nilikaa chumbani mbele ya simu, kitambaa cha kilio kichwani, dirisha wazi kwa sababu ya joto. Waliniuliza kwa Kifaransa kuhusu nyavu, mazalia ya samaki, na maji yanayotoka migodini. Nilijibu bila kukwama. Nilifurahi, na niliona aibu kufurahi huku maiti iko ndani.

Ndipo mwenyekiti akauliza: nyumba ya chuo ni ya mtu mmoja, je, nitakuja peke yangu, na mwezi ujao? Mimi na mume wangu tulikuwa hatujaliamua hilo. Tuliliahirisha tangu baba yake alipoanza kuugua. Nilimwona mume wangu kupitia dirisha, ameketi na wanaume, ameinama. Uani pale wasiojua Kifaransa ni wa kutafuta, na sasa kila neno langu lilifika huko.

"Oui," nikasema. "Seule." Ndiyo, peke yangu.

Wakanishukuru, wakakata. Nikarudi kwenye mkeka. Shangazi alinisogezea nafasi.

"Shiye bote tulisikia," aliniambia polepole, akinionyesha nikae. "Ikala. Leo uko bado mutoto wetu."

Kwaya ikaanza tena. Nilimtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa amegeuza kiti, amenipa mgongo.