Nilisema Ni Maziwa, Mama Akawasha Jiko

Nimekosa. Naliandika neno hilo mwanzoni kabisa ili msomaji asidhani natafuta visingizio. Visingizio ninavyo, lakini vitakuja baadaye kidogo.

Mimi ni karani mstaafu. Kwa miaka mingi nilikagua malori kwenye mizani, na kazi ile ilinifundisha kulitambua tanki kwa umbo lake. La petroli huwa limebanwa kama yai lililolazwa, na juu lina mifuniko kadhaa kwa mstari. La gesi ni la duara kamili, nene, ncha zake zimevimba kama mashavu ya mtu anayepuliza moto, wala halina mifuniko juu. La asidi ni jembamba, limefungwa mikanda ya chuma kwa nje. Haya niliyajua, bado nayajua, na hakuna atakayeninyang'anya.

Nilipostaafu, nilihamishia ofisi yangu kwenye kibanda cha Mama Nafula hapa Busia, kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda. Nani aliruhusu matanki yapange foleni mbele ya majiko ya watu? Nimewahi kuuliza swali hilo kwa barua. Sijajibiwa.

Mama Nafula hupika chapati na maharagwe, madondo kama tuyaitavyo, kwa makaa, hatua chache kutoka barabarani. Lori likisimama mbele yake huniuliza jambo moja tu: "Mzee, niwashe ama nizime?" Mimi hutazama, hutamka, kisha huandika daftarini: umbo, shehena, uamuzi. Kwa huduma hiyo nilipewa kiti chenye mgongo, cha pekee pale kibandani. Nilikipenda kuliko kile cha serikali!

Kosa langu lilianza kwa kiburi. Malori ya shehena hatari hubeba kibao cha rangi ya machungwa chenye nambari, pamoja na alama ya hatari yenyewe, kama vile mwali wa moto. Kazini nilikuta madereva chungu nzima waliosahau kuvibadilisha. Lori tupu lina kibao cha petroli, lenye petroli halina chochote! Nikaamua kwamba kibao ni maneno ya dereva tu, umbo ndilo la kuaminiwa.

Ekisa, mwendesha bodaboda anayekula pale, akaligeuza jambo hilo kuwa mchezo. Lori likisimama, yeye huegesha pikipiki mbele ya kibao nisikione, kisha mimi hutaja shehena. Nilipatia kila mara, na wateja wakapiga makofi. Aibu iliyoje, mtu wa umri wangu kushangiliwa kwa kufichwa maandishi!

Siku yenyewe, mchana, lilisimama tanki la chuma kinachong'aa, la duara, lenye ngozi mbili kama chupa ya chai na mfuniko mmoja juu.

"Maziwa," nikasema. "Mama, washa."

Ekisa hakuwa ameegesha pikipiki mbele ya kibao. "Mzee, leo nimekuachilia uone. Iko na moto imechorwa."

Nikamjibu kwamba kibao hicho kimesahaulika tangu safari iliyopita.

"Kwa hivyo walibeba petroli, wakasuuza, wakaweka maziwa ya watoto?"

Kibanda kizima kikacheka. Lilikuwa swali la busara kuliko majibu yangu yote, na ndiyo sababu lilinikera. Nikamwambia Mama Nafula, kwa sauti ya ofisi, kwamba anayesema ni mimi. Alinitazama, akalitazama lori, akawasha. Aliniamini.

Dereva alirudi kutoka kwenye ukaguzi wa stakabadhi, faili kwapani. Hakukimbia wala hakupaza sauti.

"Mama, mwaga maji kwa hiyo jiko kwanza. Salamu tutapeana baadaye."

Mama Nafula akamwaga ndoo nzima. Majivu yakaruka mpaka kwenye madondo. Ndipo dereva akatueleza kwamba amebeba spiriti ya kiwanda cha sukari, kwamba tanki lake hufanana na la maziwa, na kwamba spiriti huwaka mchana usiione miali yake. Tena valvu ya nyuma ilikuwa ikivuja tangu mji wa Bumala. Tukainama. Udongo ulikuwa umelowa kuelekea mtaroni, na mtaro ule ulipita chini ya kibanda.

Akauliza ni nani aliyesema ni salama. Mama Nafula alininyooshea mwiko.

Ungamo lingeishia hapo ningekuwa muungwana. Lakini wenzangu walipokuwa wakimwaga mchanga na kusogeza meza, mimi nilibaki na daftari. Nikafuta "maziwa, washa" kwa wino, nikaandika "spiriti, zima". Mimi, niliyewahi kuwashtaki makarani wenzangu kwa kosa hilo hilo!

Mambo yalipotulia, Mama Nafula akaniomba nisome nilichoandika.

"Spiriti. Zima."

Ekisa alikuwa nyuma ya bega langu. "Mzee, soma ile iko chini ya wino."

Nikasoma: "Maziwa. Washa." Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka!

Nilipoteza kiti. Sasa anakikalia Ekisa, nami nakalia kreti ya soda. Kibanda kimehamia ng'ambo ya mtaro, na kuna utaratibu mpya: mimi natamka umbo, Ekisa anakwenda kusoma kibao, na mmoja wetu akisema hatari, jiko linazimwa bila mjadala. Ewe unayejua jambo kwa hakika, nakuomba ulitazame na lile unalolidharau, hasa kama moto unaowashwa ni wa mwenzako. Na ukikosea, acha wino ukae ulipo.

Jana limepita gari la mikate. Ekisa akasema, bila kuinuka, kwamba kila mtu anaona ni mikate. Nikamkumbusha utaratibu. Akaenda kukagua, akinung'unika. Ilikuwa mikate.

Aliporudi alinikuta nimekaa kitini.

Mama Nafula alininyooshea mwiko.